Kahawa Iliyong'olewa Kabazi

...asiuweke unga kwenye mizani kwanza, maji ya nje lazima yachuruzike yaishe, la sivyo atapima maji badala ya kupima kazi yake, Wachuka anakishikilia kifuko cha kitambaa juu ya sinki la maabara na ndani yake ule unga wa polima, uliokuwa mkavu kama chumvi, umekunywa maji ukavimba ukawa donge zito linalong'aa, na Owuor, fundi wake, anasema nyuma yake, "Daktari, hii imekubali, imekubali kabisa," naye anaitikia eeh, eeh, lakini sikio liko Kabazi, kwa sauti ya mamake kwenye simu asubuhi ya leo, "Kahawa niling'oanga kitambo, Wachuka, siku hizi ni napier tu, ng'ombe wanakula," kitambo lini, mum? na mama akacheka, akauliza kama Nakuru kunanyesha... kwa hiyo mibuni ilikuwa imeshang'olewa yeye akiwa hapa hapa, akichora mnyororo wa molekuli za wanga wa muhogo, akiamua apandikize wapi yale matawi ya kushika maji, mafupi mengi au marefu machache, ili unga ufukiwe kwenye mizizi ya kahawa na utunze mvua hadi kiangazi, "Ni vile unapandikizanga avokado, mum, shina la huku, tawi la kule," alimweleza wakati ule, na mama, "Aa, hiyo naelewa, na utakuja lini?"... mibuni ilikuwa imeng'olewa wakati sampuli ya kwanza ilipotoka majimaji kama uji wa mgonjwa kwa sababu hewa ilipenya kwenye chupa, imeng'olewa wakati sampuli ya pili ilipokataa, matawi hayakushika shina, yaliota yenyewe pembeni yakaoshwa yote yakamwagwa, na Krismasi hiyo hakwenda nyumbani, chupa ilikuwa motoni, nani angeilinda... "Watu wa maua wa Naivasha wanatuma gari," Owuor anasema, "wanauliza sampuli inaitwaje"... maua, waridi za kupelekwa ng'ambo ndizo zitakunywa, na mama kila alipoulizwa kahawa iko aje alijibu iko tu, inakungoja, mama asiyedanganya hata karani wa sensa, alimdanganya binti yake ili asimkatishe tamaa, au aliona hata akiambiwa ukweli hataacha, hapo ndipo panapouma, kwa sababu kuna ile siku ya jua kali mama alipiga simu akasema, "Njoo tu uone vile imekauka," na yeye akasikia mtu anayeomba dawa, akajibu vumilia mum, nimekaribia... njoo uone, alisema njoo, hakusema leta, maji angeteka mwenyewe, na kung'oa aling'oa mwenyewe, shina baada ya shina na mgongo ule wake, mibuni aliyoipanda na baba, bila mtu wa kusimama naye pale shambani na kusema pole... "Daktari, umenisikia?" amesikia, ngoja kidogo, mkono umechoka na maji bado yanachuruzika, na kila alipoitwa kwenye mkutano alieleza kwamba kazi hii ni ya kahawa ya mama, watu wakapiga makofi, lakini tazama donge hili, zuri kuliko alivyolichora, na mibuni haipo na bado moyo unamruka, Mungu wangu, bado anafurahi, angelitengeneza hata kama mama hangekuwa na mche mmoja, alilipenda lenyewe, tangu mwanzo alilipenda lenyewe, na mama alijua... "Andika namba tu, Owuor," anasema, na Owuor anainua kalamu, anashangaa, "Lakini si ulisema lazima iitwe jina la mathe, kwa vile ndiye alikuomba?" na Wachuka, bila kugeuka, asije akaonekana uso, "Hapana. Mum hakuniomba hii."