Kikao cha Kumpa Bonge Alama

Karatasi ya mahudhurio ilianza kuzunguka saa nne na robo. Mwalimu Aneth alikuwa ameipiga mistari kwa rula tangu jana yake: namba, jina, cheo, mahali atokako, sahihi. Darasa la tano lilikuwa limefagiliwa na kunyunyiziwa maji kidogo ya kulaza vumbi, na ukutani lilitundikwa shuka la kitandani la Mwalimu Aneth mwenyewe, maana ndilo lililoonekana jeupe kuliko mashuka yote ya kijiji. Kwenye shuka hilo alisimama kiboko wa katuni, wa rangi ya zambarau, akichekelea kwa meno yaliyopigwa mswaki.

Kiboko huyo aliitwa Bonge. Alianzia kwenye filamu ya katuni. Watengenezaji wake walikuja Katavi siku tatu, msimu wa mvua, wakapiga picha mto uliojaa, wakaondoka. Filamu ikapendwa huko duniani, na kama ilivyo kwa kila kinachopendwa, ikakamuliwa: zikatoka fulana, zikatoka juisi, mwisho ikatoka gemu ya watoto. Gemu haikupendwa. Mhakiki mmoja wa gazeti la mbali aliandika kwamba Bonge anaruka kama gunia la mpunga. Mwingine alisema mwanawe wa miaka sita alicheza dakika kumi, kisha akaomba mwenyewe kwenda kulala.

Kampuni ilikaa ikatafakari, ikaona kosa ni la wahakiki: hawamjui kiboko. Basi waulizwe wanaomjua. Kitaitishwa kikao kimoja cha wenyeji wa Katavi, kila mjumbe atoe alama kati ya kumi. Wastani ukifika nane, utachapwa kwenye kasha la gemu, na shule itakayofanyiwa kikao itapewa kisima.

Hicho kisima ndicho kilichomkosesha Aneth usingizi wiki mbili. Shule ile, katika moja ya vijiji vya Kakese, haikuwa na maji. Kila mwanafunzi alikuja na dumu la lita tano, na asiye nalo alirudishwa akachote. Bwawa lilikuwa moja tu, na tangu mto ukauke, wakazi wake wakubwa walikuwa viboko watano waliohamia pale. Septemba ya mwaka jana mmoja wao alimkanyaga Emelyne, binti wa darasa la tano, alipoinama kuchota. Fundi wa mifupa aliuunga mguu, ukaungika upande. Siku hizi Emelyne alifika kipindi cha pili, dumu kichwani, akichechemea, na Aneth aliandika kwenye daftari kwamba amechelewa. Kila alipoandika hivyo alijiona mtu wa hovyo kabisa.

Kwa hiyo asubuhi ya kikao aliwapanga mstarini wanafunzi wanane waliochaguliwa kuwa wajumbe.

"Nyie mkiulizwa, semeni kumi. Si tisa. Kumi."

"Hata kama ni mbaya, mwalimu?" aliuliza Emelyne.

"Hasa kama ni mbaya."

Viboko waliingia saa nne na dakika ishirini, karatasi ikiwa benchi la pili. Waliomba radhi kwa kuchelewa, wakapita nyuma, wakakaa sakafuni, kwa sababu madawati ya shule hata watoto yanawashinda. Wazazi walisogeza vikapu vyao. Mama mmoja alilalamika kwamba atachafuliwa kitenge kwa matope, akapewa nafasi karibu na dirisha. Karatasi ikawafikia. Kiboko jike mzee mwenye sikio lililochanika ndiye aliyesaini kwanza, kwa matope, na kwenye cheo akaomba aandikiwe "mkazi". Wengine wanne wakafuata.

Aneth, ambaye alikuwa katibu, alimsogelea mwenyekiti wa kikao. Huyu alikuwa Isidori, mtendaji wa kijiji, mtu aliyetembea na muhuri mfukoni.

"Mtendaji, wale wamesaini."

"Nimeona."

"Sasa watatoa alama."

"Mwalimu, aliyesaini ni mjumbe," alisema Isidori. "Mwaka jana kikao cha choo kilifutwa kwa sababu mjumbe mmoja hakusaini. Leo tumfute aliyesaini? Tutasema nini kwa wakaguzi?"

Alipiga muhuri. Hapo mambo yakawa yamekwisha, kwa sababu karatasi ikishapigwa muhuri hata Mungu huipeleka kwenye kamati.

Kikao kilikuwa na mgeni rasmi, maana kisicho na mgeni rasmi ni maongezi tu. Alikuwa Mzee Leodgar, mwenye mashamba makubwa ya mpunga huko juu mtoni, aliyekuwa amejitolea soda. Hakuwa na alama ya kutoa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti chenye kitambaa. Mwakilishi wa kampuni, kijana aliyeitwa Laurence, alitoka Dar na projekta, betri ya sola na fulana yenye uso wa Bonge.

"Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi," alisema. "Gemu ni kali, wala sipigi chenga. Mjionee wenyewe."

Wakajionea. Kulikuwa na kijiji chenye furaha kando ya mto. Siku moja mto ukakauka, kwa sababu watoto wa kijiji walikwenda kucheza wakasahau kufunga bomba. Ilibidi Bonge aruke huku na huku akikusanya matone, watoto waimbe wimbo wa kuomba msamaha, ndipo mto ujae tena.

"Mwalimu," Emelyne alinong'ona, "bomba lao liko wapi?"

"Liko hatua ya pili, mdogo wangu," alijibu Laurence, aliyekuwa na masikio mazuri.

Watoto walicheza kwa zamu. Mmoja alimrusha Bonge akazama ndani ya jiwe, yakabaki makalio tu yakichezacheza, na Laurence akasema hiyo hitilafu inajulikana na inashughulikiwa. Wazazi walicheka mpaka soda zikawapalia. Kisha ikafika zamu ya viboko. Yule jike mzee aliipokea pedi ya kuchezea kwa midomo, taratibu, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku, akacheza vizuri kuliko wote kwa kuwa hakuwa na haraka. Hatua ya tatu maji yakaja. Mto ulijaa kwenye shuka la Aneth kutoka pindo hadi pindo, wa buluu, ukisukuma majani. Kiboko mzee akamwacha Bonge amesimama katikati ya maji, asiguse kitufe chochote. Muda ukaisha, gemu ikaandika kwamba ameshindwa. Akairudia. Akairudia mara ya tatu, na wote watano wakatazama bila kupumua kwa sauti. Hakuna mjumbe aliyewaharakisha.

Zikaja alama. Wanafunzi wanane walisema kumi mmoja baada ya mwingine, kama wanaoitika majina. Wazazi watano walisema kumi. Mmoja wao, Jean Bosco, baba yake Emelyne, alitaka kusema kumi na moja, akakumbushwa kwamba fomu inaishia kumi. Isidori naye kumi.

"Mbili," alisema kiboko mzee.

"Mbili," walisema wenzake, mmoja mmoja.

"Daah," Laurence alishika kichwa. "Bibi, shikamoo. Mbona mbili?"

"Marahaba. Hizo mbili ni za maji. Yale maji mmeyatengeneza vizuri, hongereni. Mengine ni uongo. Hakuna mtoto aliyekausha mto kwa bomba. Huko juu kuna matuta matatu ya mawe na viroba, kwenye mashamba ya mpunga, maji yote yanalala pale. Sisi tumepita tumeyaona. Kwenye gemu yenu hayapo."

Wazazi waliziangalia soda zao. Mgeni rasmi aliiangalia simu yake.

"Hoja ni nzito," alisema Isidori, "ila haimo kwenye ajenda hii. Katibu, iweke kwenye mengineyo."

Aneth akaandika: Mengineyo, matuta. Wakati anaandika, kiboko aliyekaa karibu na mlango aligeuza shingo kwa Emelyne.

"Pole na mguu. Siku ile sikukuona."

"Asante, nimeshapoa," alisema Emelyne, kwa sababu alilelewa vizuri. Akafikiri kidogo. "Bwawa lenyewe dogo."

"Dogo mno," alikubali kiboko.

Aneth alijumlisha. Mia na hamsini kwa wajumbe kumi na tisa: saba nukta nane tisa. Alijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, hesabu ikabaki palepale. Laurence alianza kukunja waya.

"Bado katibu hajatoa yake," alisema Isidori.

Ni kweli, hakuwa ametoa. Aneth alikuwa ameicheza gemu ile mara nne, akaichukia mara zote nne. Aliichukia kwa moyo wote. Aliona ni matusi kumwambia mtoto asiyejua bomba kwamba yeye ndiye aliyeliacha wazi, tena aimbe kuomba msamaha. Kama lingekuwa daftari la mwanafunzi, angeliandikia sifuri kwa wino mwekundu, na chini yake angeandika "njoo unione". Alimtazama Emelyne, ambaye alikuwa amenyoosha mguu chini ya dawati ili usimuume. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Aneth aliinama.

"Kumi," alisema.

Mia na sitini kwa ishirini: nane kamili. Makofi yalipigwa, viboko nao wakapiga, kwa adabu, vumbi likatimka. Yule kiboko mzee alimtazama Aneth bila kinyongo, na hilo lilimuuma Aneth zaidi kuliko ambavyo kinyongo kingemuuma. Walipofika kwenye mengineyo, ilitangazwa kwamba mgeni rasmi anawahi shughuli nyingine Mpanda mjini. Jean Bosco alifunga kwa sala.

Kasha jipya lilitoka na maandishi ya dhahabu: "Nane kati ya kumi, wasema wenyeji wa Katavi." Wahakiki wa mbali walipata aibu. Yule wa gunia la mpunga aliandika upya kwamba, baada ya kutafakari, urukaji wa Bonge una uzito wa kweli wa Kiafrika, akampandisha kutoka tatu hadi sita.

Kisima kilikuja Novemba, mvua zikiwa bado zinasuasua. Laurence alikileta kwenye kompyuta ndogo. Shuka lilitundikwa, na hatua ya pili ya gemu ikafunguka na shule mpya ndani yake. Ilikuwa shule yao hasa, hata ufa wa ukuta wa darasa la tano ulikuwapo. Uwanjani palisimama kisima chenye pampu, na kibao chenye jina la Mzee Leodgar. Ukibonyeza kitufe cha duara, maji yanabubujika.

"Ndo hicho, madam. Lita elfu kwa saa."

"Kiko ndani ya gemu," alisema Aneth.

"Yeah. Mkataba unasema kisima cha shule. Haujasema cha ndani au cha nje."

Isidori alivaa miwani, akausoma mkataba mpaka kwenye sahihi, akakiri kwamba haujasema. Alisaini fomu ya makabidhiano na kuipiga muhuri, na kompyuta, projekta na betri vikabaki shuleni. Kabla wiki haijaisha, jina la shule lilikatwa kwenye orodha ya shule zisizo na maji. Aneth alikwenda stoo, akalia nyuma ya magunia ya mahindi, akalia hasa, kisha akanawa uso kwa kikombe kimoja cha maji kutoka dumu la Emelyne.

Kesho yake saa nne viboko walibisha hodi. Walisema wamesikia kuna kisima. Wakaonyeshwa. Walibonyeza kwa zamu, wakayatazama maji yakibubujika, wakaondoka saa sita wakishukuru. Siku iliyofuata walirudi, na iliyofuata tena. Siku ya nne kiboko mzee alimkuta Emelyne mlangoni na dumu lake tupu.

"Nenda kachote sasa, mwanangu. Bwawani hakuna mtu. Sisi tupo hapa mpaka saa sita."

Emelyne akaenda, akachota bila kuangalia nyuma yake, akarudi. Jumatatu Aneth alibadilisha ratiba. Saa nne hadi saa sita, viboko kisimani, watoto bwawani. Vilikufa vipindi viwili, hesabu na sayansi, lakini tangu siku hiyo hakukanyagwa mtoto. Huko juu mtoni mpunga ulikuwa umeota kijani kizuri, na matuta yalikuwa yameongezewa la nne.

Desemba kampuni ilileta fomu ikiuliza kisima kimeleta mafanikio gani. Isidori alimwambia Aneth aandike: tangu kisima kipatikane, ajali za bwawani zimekwisha. Aneth aliandika, halafu akaketi na kalamu nyekundu akiitafuta ndani ya sentensi ile sehemu ya uongo ili aikate. Alitafuta mpaka kengele ya kutoka ikalia. Haikuwapo, basi akasaini.