Sekunde Tano za Senje Philister

Senje Philister alikuwa ameshakata shauri. Ikifika saa kumi jioni Windows yake haijarudi, fundi Kilonzo anatoka Kangemi, anafuta kompyuta nzima, na hiyo Linux ya Bramwel iende nayo.

Jumatatu Bramwel alikuwa na mtihani wa kazi, wa kufanyia kwenye Linux, na kompyuta nyingine hakuwa nayo. Ni Senje, shangazi yake huyu, aliyemkubalia aweke mfumo wake kando ya ule wa duka, hapo Kabiria, anapochapa kadi za harusi na ratiba za mazishi.

Na cha kuudhi, akiiwasha Bramwel mwenyewe, kila kitu kilikuwa sawa. GRUB, ile programu inayokuuliza unataka mfumo gani, ilileta orodha yake: Linux juu, Windows chini.

"Senje, si hii hapa?"

"Ikikuona inajifanya. Ukienda zako, inameza Windows yangu."

Tangu asubuhi Bramwel alikuwa amerudia mipangilio mara tatu. Wapi. Saa tisa na nusu akanyoosha mikono. "Hebu iwashe vile wewe huiwasha. Mimi sishiki kitu."

Senje akaketi, akatengeneza kitambaa cha kichwa, akabonyeza. Kisha akaweka viganja juu ya kibodi, akafumba macho, akaanza kuomba.

Orodha ikatokea. Tano, nne, tatu. Senje bado anashukuru kwa stima kutokatika. Mbili, moja. Orodha ikapotea, Linux ikaanza, na mama wa watu hajafika hata kuombea printa. Siku nzima, jamani, kwa sababu ya sekunde tano! Bramwel akafungua mdomo amkatize.

"Na Bramwel, Baba, mtoto wa kaka yangu. Ameharibu kompyuta yangu lakini hakukusudia. Jumatatu uketi naye, wampe hiyo kazi, aache kukonda. Nakuomba kila asubuhi, usichoke na mimi."

Bramwel akafunga mdomo. Kila asubuhi, naye hakujua.

"Amina. Unaona? Imemeza tena."

"Orodha inakuja ukiwa umefumba macho, Senje. Inangoja sekunde tano, halafu inajichagulia ya juu."

"Sekunde tano? Nani huomba sekunde tano?"

Bramwel akafungua faili la mipangilio. Alifikiria kuandika sitini, lakini alimjua shangazi yake. Akafuta tano, akaandika hasi moja: ngoja mpaka mtu abonyeze, hata kama ni jioni.

Wakaiwasha upya. Safari hii Senje alizunguka mtaa mzima kwa maombi, mpaka kwa ng'ombe wa jirani. Alipofumbua macho, orodha ilikuwa palepale. Akachagua Windows, akazikuta kadi zake zote. Akachukua simu.

"Kilonzo, usije. Mashine imeokoka."

Kisha akampisha Bramwel kiti. "Haya, washa ya kwako. Uko na mtihani."

Orodha ikatokea, Linux juu kabisa. Bramwel akapeleka kidole, akakirudisha. Akafumba macho, akamwombea Senje kwanza.