Pumzi Iliyobaki

Zahanati ilipofunguliwa, foleni ilikuwa imeshafika kwenye bomba la maji. Mshonaji wa magodoro alikalishwa kwenye stuli, akabanwa pua, akapewa kibomba cha karatasi cha mashine ya kupima pumzi, akibane kwa midomo. Alikuwa na haja moja tu. Daktari akithibitisha kwamba kifua chake kibovu, tajiri angemtoa chumba cha kuchambulia pamba, ampeleke dukani kwenye hewa.

"Puliza, mama! Puliza, puliza!" alisema muuguzi, jicho mlangoni. "Haya, basi. Mwingine!"

"Sijamaliza, mwanangu. Pumzi yangu hutoka polepole."

"Tukingoja za polepole tutalala hapa."

Mashine ilipiga hesabu ya nusu iliyopewa, ikaichukulia kuwa pumzi nzima iliyotoka haraka, ikasema mapafu mazima.

Basi, kwa kuwa pumzi haikumalizika, iliendelea kutoka. Aliondoka nayo, akapanda nayo ngazi za nyumbani, nyembamba kama upepo wa chini ya mlango, imejaa nyuzi za pamba. Aliongea ndani ya pumzi hiyohiyo. Jioni alikausha nguo za wajukuu bila kuinuka kitini. Mkaza mwanawe alifagia pamba, akajaza mto, akaanza wa pili.

"Mama, hebu geukia huku, uji bado wa moto."

Akageuka. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimekipeleka kizima, wamepima kichwa, mkia bado unapita mlangoni."

"Pumzi yako. Lakini hicho si kitendawili, mama, hayo ni matusi."

Asubuhi alirudi zahanati, mito miwili kwapani. Daktari alishikilia vyeti visipeperuke.

"Nipime mpaka mwisho, daktari. Bado inatoka, unaiona."

"Naiona. Sasa mtu anayepuliza tangu jana, mgonjwa kwa lipi?"

"Na hii pamba?"

"Mashine haipimi pamba, mama. Tupishe, watu wanangoja."

Akaenda kazini. Tajiri alisikia kwamba ni mzima, akafurahi. Kisha akaiona mito. Pamba ilikuwa mali yake, kwa hiyo aliiweka kwenye mizani, akainama, akasubiri mshale utulie kabisa, akaondoa uzito wa foronya, akapima tena kwa uhakika.

Mshonaji alirudishwa chumba kilekile. Safari hii alikalishwa katikati, maana feni ilikuwa imeharibika.