Shingo ya Gari

Mume wangu Kilonzo alikubaliwa kushindana Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa hamsini na tisa, na niliposikia nilipiga vigelegele hadi majirani wa Kamenu wakatoka nje kuuliza nani amejifungua. Nikawaambia hakuna mtoto, kuna pikipiki. Wakarudi ndani wakinisikitikia. Waache! Hawakujua lolote. Mashindano yenyewe yalikuwa ya kupanda kilima katika shamba moja la kahawa kule Ruiru, na miaka yote yalikuwa ya Wazungu na Wahindi wachache. Sasa kwa mara ya kwanza yeyote mwenye pikipiki aliruhusiwa, mradi aingie nayo ikiwa nzima kabla bendera ya langoni haijateremshwa. Ambaye angechelewa angetazama kupitia ua pamoja na watoto.

Kilonzo alikuwa fundi wa mitambo ya mkonge huko mashariki ya Thika, mtu mpole kupita kiasi, na BSA yake aliiunda mwenyewe kutokana na maiti za pikipiki tatu. Haikuwa na taa, haikuwa na honi, haikuwa na namba, na hata kiti chake kilikuwa cha kumwonea mtu. Kilimani ingepaa. Barabarani, askari wa kwanza kuiona angeichukua pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo ilibidi ibebwe. Rafiki yetu Absalom, Mragoli aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikebe, alikuwa na Ford Prefect kuukuu aliyoipenda kuliko chakula, naye akakubali kutuvuta.

"Lakini trela iwe nyepesi," akatuonya. "Hii gari iko na moyo, lakini kifua hakuna."

Ndipo akaingia baba yangu, Mzee Ndambuki. Baba aliendesha mkokoteni wa ng'ombe katika shamba la mkonge tangu kabla sijazaliwa, na mambo ya mizigo hakuna aliyethubutu kuyazungumza mbele yake. Alikuwa pia mzee wa kanisa, kwa hiyo alikuwa sawa siku zote za juma na Jumapili pia. Kilonzo ndiye hasa asingeweza kumpinga. Kwetu Ukambani mkwe na baba mkwe huheshimiana mpaka aliye katikati anachoka. Kilonzo hakumtazama baba usoni, na baba hakuwahi kumwita Kilonzo kwa jina lake hata siku moja. Maneno yao yote yalipitia kwangu, hata wakiwa wamesimama bega kwa bega. Nilikuwa simu yao.

"Ndunge, mwambie huyo mume wako trela ya nguvu ni ya chuma."

"Ndunge, mwambie baba nimesikia."

Nami nawaambia, kana kwamba mmoja yuko Mombasa na mwingine Kisumu.

Trela ya kwanza ilikuwa ya shamba, ya kubebea matangi ya maji. Baba aliisifu sana. Ilikuwa na ekseli nene kama paja langu, na nisidanganye, paja langu si haba. Tuliifunga nyuma ya Prefect bila hata kuweka pikipiki juu yake. Absalom akatia gia, gari likatetemeka, likasogea kidogo, kisha likaanza kutoa harufu ya mpira ulioungua. Absalom alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akanitazama kwa macho ya mtu aliyefiwa. Tukaifungua.

Ya pili ilikuwa ya seremala mmoja wa mjini, ya mbao za mvule, imepigwa vanishi hadi unajiona. Mimi nilikuwa karibu kuipenda. Lakini kuta zake zilikuwa ndefu, na kuipandisha BSA kulihitaji wanaume wanne na matusi, na Absalom akiwa kwenye usukani hakuona tena chochote cha nyuma yake isipokuwa mvule. Baba akasema hiyo ni kabati.

Ya tatu tuliikuta kwa Kang'ethe, fundi wa kuchomea vyuma palepale Kamenu. Alikuwa ameiunda kwa mabomba matupu, ndani hakuna kitu, na magurudumu mawili madogo yaliyotoka kwenye kiti cha ubavuni cha pikipiki ya zamani. Katikati alikuwa ameweka mfereji mmoja wa bati nene ambamo magurudumu ya pikipiki huingia, na nyuma ubao wa kupandishia. Basi. Hakuna ukuta, hakuna sakafu. Ungeweza kuona majani chini yake.

Baba alicheka hadi akashika mbavu. "Hii ni trela ama kitanda ya mgonjwa?"

"Mzee, usicheke," akasema Kang'ethe. "Inua wewe, mama. Shika huo mkono wake uinue."

Niliushika kwa mkono mmoja, nikaiinua, nikaivuta nikizunguka nayo uwanja mzima kuku wakinikimbia. Jamani, nilifurahi! Nilijiona ninaweza kuivuta mwenyewe mpaka Nairobi. Kilonzo alipiga magoti, akapitisha vidole kwenye kila kiungo kilichochomewa, na nilimjua mume wangu: alikuwa ameshapenda.

"Mwende nayo kwanza," akasema Kang'ethe. "Mkirudi mkifurahi, tutaongea. Mkirudi mkilia, mniletee vyuma vyangu."

Baba akakubali shingo upande, kwa sharti moja, kwamba atakayepakia ni yeye.

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka tulikuwa tumevaa nguo za jana za kanisani. Baba alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kupakia, na lazima niseme ilikuwa raha kumtazama. Aliisukuma BSA juu ya ubao, akairudisha nyuma kidogo, akainua mkono wa trela kupima, akairudisha tena kidogo, akapima tena. Hivyo ndivyo mkokoteni hupakiwa. Mzigo ukikaa mbele sana, nira inamkandamiza ng'ombe shingoni na kabla hujafika mtoni anatoka kidonda. Ni mlimani tu, mkokoteni ukitaka kuinuka mbele, ndipo mwendeshaji hulalia shingo ya ng'ombe kwa kifua. Baba hakuwahi kumtoa ng'ombe kidonda maisha yake yote, na alilisema hilo kanisani akitoa ushuhuda. Alipomaliza aliniita niinue mkono wa trela kwa kidole. Nikauinua kwa kidole kidogo.

"Unaona?" akasema. "Sasa hata hii gari dogo ya Absalom haitajua imebeba."

Absalom alimshika baba mkono kwa mikono miwili, akashukuru kwa niaba ya Prefect. Kilonzo aliitazama pikipiki yake ilivyokaa nyuma, akafungua mdomo, akaufunga. Akafunga kamba za katani, baba akaomba sala ya safari, ndefu, tukaondoka. Baba alikaa mbele na Absalom. Mimi na Kilonzo tulikaa nyuma, na goti lake lilikuwa likitetemeka kwa furaha hadi nikaliwekea mkono.

Barabara tambarare tulikwenda vizuri. Absalom alianza kuimba wimbo wa Pasaka, sisi tukadakia, na watu waliotuona kando ya barabara walitupungia mikono. Niliwapungia wote. Kisha tukafika mteremko wa kuingia mto Ndarugu, gari likashika kasi, na nyuma yetu kitu kikaanza kutikisika.

Niligeuka. Trela ilikuwa ikienda kushoto, ikienda kulia, kama mkia wa mbwa aliyemwona mwenyewe. Mwanzo kidogo, halafu zaidi, halafu kila ilipokwenda upande mmoja ilikuwa ikilivuta na gari. Absalom aliacha wimbo katikati ya neno.

"Ng'ang'ana nayo!" nikapiga kelele.

"Nang'ang'ana na nini? Inaniendesha yeye!"

Daraja lilikuwa linakuja. Nilimwona Kilonzo amegeuka, macho kwenye BSA, uso umemwishia damu, na nilijua hafikirii shingo zetu. Absalom akakanyaga breki. Kamba moja ikalegea, pikipiki ikateleza mbele ndani ya mfereji wake, ikagonga bomba la mbele, ngo! Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, tulikuwa tunakwenda sawa. Trela imetulia nyuma yetu kama haijawahi kufanya ujinga wowote. Tukavuka daraja polepole, Absalom akasimama kando, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani.

Tulishuka. BSA ilikuwa nzima, isipokuwa bati la mbele la kukinga matope lilikuwa limepinda kidogo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Baba naye tayari alikuwa ameshika pikipiki kwa kiti, anaivuta kuirudisha nyuma.

"Kamba mbaya hii," akawa ananung'unika. "Angalia! Mzigo wote umekuja mbele. Gari italemewa."

"Baba, iache hapo."

"Eti nini?"

"Iache hapo mbele. Ilipokuwa nyuma ilitaka kutuua. Ilipokuja mbele ikatulia. Sote tumeona!"

"Ndunge, mimi nimepakia mizigo kabla wewe hujaota meno. Mzigo ukiwa hapa utamvunja shingo."

Nilimtazama Kilonzo. Alikuwa fundi, alikuwa ameona kila kitu, na alikuwa anachunguza viatu vyake. Hangeweza. Angeacha mashindano yake yote yafie pale Ndarugu kabla hajamwambia baba mkwe wake kwamba amekosea. "Ndunge," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie baba... mwambie saa inakwenda."

Hapo nikapandwa na hasira, na hasira zangu zikipanda hazibishi hodi.

"Utamvunja nani shingo?" nikasema. "Shingo ya nani, baba? Yuko wapi huyo ng'ombe? Gari haina shingo! Haina ngozi itoke kidonda, haina macho ikutazame kwa huruma! Wacha ibebe!"

Nilikuwa nimempigia baba yangu kelele mbele ya mkwe wake, Jumatatu ya Pasaka. Baba aliigeukia Prefect. Akainama, akatazama chini yake, pale mkono wa trela uliposhikana na gari. Akanyooka.

"Haina," akasema.

Akaifunga BSA mwenyewe, palepale mbele, fundo juu ya fundo, akaingia garini na kutazama dirishani. Tukapanda mlima wa Ndarugu, tukapita Juja, tukashuka miteremko mingine, na trela ya Kang'ethe haikutikisika tena hata kidogo. Absalom alirudia kuimba. Baba hakudakia, na moyo uliniuma, lakini chini ya maumivu hayo nilitaka kuruka kwa furaha.

Tulifika langoni mtu ameshaishika kamba ya bendera. Absalom alipiga honi tangu mbali, mimi nikatoa nusu ya mwili dirishani nikipunga kitambaa changu cha kichwa, na yule mtu, sijui kwa huruma au kwa mshangao, akangoja. Tuliingia! Kilonzo aliteremsha ubao, BSA ikashuka kama inajua mahali, na akaiwasha kwa teke la kwanza.

Kilima kilikuwa kirefu chenye udongo mwekundu, na karibu na kilele kulikuwa na sehemu iliyosimama kama ukuta. Hapo ndipo waliposhindwa wengi. Walifika kwa kasi, gurudumu la mbele likainuka, wakatupwa chali, pikipiki ikarudi chini bila wao. Niliacha kuhesabu walioanguka. Baba alisimama kando yangu kwenye kamba ya watazamaji, mikono nyuma, na nikaona midomo yake inacheza.

Zamu ya Kilonzo ilipofika sikupiga kigelegele, sauti ilikuwa imekwisha. Alipanda vizuri, bila papara, akapita pale wa kabla yake alipoanguka, akafika kwenye ukuta. Gurudumu la mbele likaacha ardhi. Likainuka, likazidi kuinuka, na nikaona anga chini yake.

Baba aliruka kamba.

"Shingo!" akapiga kelele, kwa sauti ile ya kuita ng'ombe upande wa pili wa shamba. "Mlimani unalalia shingo! Lalia shingo, Kilonzo! Kilonzo!"

Na Kilonzo akalala. Alijitupa kifua juu ya tangi, kidevu kikafika kwenye usukani, gurudumu likashuka, likashika udongo, likavuta, akapotea juu ya kilele. Nilimkumbatia Absalom, nikamkumbatia mama mmoja wa Kizungu nisiyemjua.

Hakuwa wa kwanza. Wawili walikuwa na kasi kumshinda. Lakini alikuwa miongoni mwa wachache waliofika juu, na walimwandika jina, wakamwambia wanamngoja Nakuru mwezi wa nane.

Jioni nilimuuliza aliwezaje kusikia, injini ikinguruma vile. Akasema hakusikia habari za shingo mpaka mwisho. Alichosikia ni jina lake, na sauti iliyolisema, na akashtuka hata akainama.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Kwanza alirudi chini akisukuma BSA, matope hadi nyusi, akakuta baba amesimama kando ya trela. Wakatazama chini wote wawili. Kisha, kama kawaida yao, wote wakanigeukia mimi.

"Ndunge," akaanza Kilonzo, "mwambie baba..."

Nikakunja mikono nikatazama kahawa. Nilikuwa nimechoka kuwa simu. Nikamsikia baba akikohoa, akiteremsha ubao, akishika usukani wa pikipiki upande mmoja.

"Kilonzo," akasema, "shika huko. Tuipeleke mbele kabisa."