Sakafu ya Prudensia

"Madaftari nitakupa, Ndugu Majaliwa," alisema Prudensia, "ila uyasome hapahapa, mbele yangu."

Mzee Majaliwa alicheka. Ndugu! Miaka mingi hajaitwa hivyo. Kule Katy, pembeni mwa Houston, nyumbani kwa binti yake Kudra, yeye ni babu tu, wa kukunja taulo na kuulizwa kama amemeza dawa ya presha. Lakini hapa Cedar Hill, sebuleni kwa mtoto wa Prudensia, alijiona tena yule mtu aliyekuwa akisema "Anza" na watu arobaini wakaanza.

Filamu alizotunga na kuziongoza zilikuwa tatu, zote za enzi zile za mikanda ya kubebwa kwa mikono miwili. Mbili ziliozea ghalani Dar es Salaam. Ya tatu, ya mume aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge, ilipatikana mwaka jana katika maktaba moja ya Ulaya, picha safi, sauti hakuna. Sauti ilikuwa kwenye mkanda wake wa peke yake, na huo haujulikani uliko. Watanzania wa Houston wakasema si neno, wataionyesha Jumapili mchana ukumbini Sugar Land, na mzee mwenyewe atakaa pembeni na kipaza sauti, aseme maneno ya wahusika wote. Mzee akakubali kwa mbwembwe. Alipojaribu jikoni, akagundua anakumbuka maneno ya dakika kumi, na filamu ni ya saa moja na nusu. Ndipo akamkumbuka Prudensia, mpiga chapa wake wa zamani. Kudra akamtafuta kwenye makundi ya simu, na leo Ijumaa wamekuja mwendo wa saa nne kumfuata.

Madaftari yalikuwa mawili, majalada yamelegea. Prudensia alikuwa na utaratibu wake: kurasa za kushoto aliandika alichoambiwa, za kulia alinakili alichokipiga chapa. Majaliwa alitunga kwa mdomo, akizunguka chumba na sigara, na hakuwa na tabia ya kurudia kusoma ukurasa uliokwisha kuchapwa. Wachezaji walipoyasema maneno yakasikika vizuri, na kilichosikika vizuri alikichukua kuwa ni chake.

Akafika pale mume anapobisha hodi baada ya miaka kumi na mmoja. Kushoto, mke anatoa hotuba ya mistari kumi na sita kuhusu jasho la mwanamke na ujenzi wa taifa. Kulia ulikuwepo mstari mmoja.

*Pita. Ila vua viatu, sakafu nimeipiga mwenyewe.*

Mzee alivua miwani. Maneno hayo ndiyo yaliyompa jina. Vijana wa Kariakoo waliyasema wakitaniana, na wanawake waliyavaa kwenye kanga. Kudra ameyachapisha chini ya picha ya baba yake kwenye karatasi za Jumapili.

"Haya niliyasema mimi," alisema.

"Uliyoyasema wewe ni ya kushoto."

"Mbona hukuniambia?"

Prudensia alimimina chai bila haraka. "Kila siku saa kumi niliweka kurasa mezani kwako, Ndugu Majaliwa. Ningekuambia vipi tena?"

Kisha akaeleza, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba siku ya kwanza filamu ilipoonyeshwa alikaa mstari wa nyuma, akasikia ukumbi mzima unacheka halafu unanyamaza, akarudi nyumbani peke yake. Iliuma, alisema, ikaacha kuuma. Akasukuma madaftari upande wa mgeni wake na kumwambia ayachukue, asome kurasa atakazopenda.

Njiani mzee aliyapakata madaftari. Aliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na hasira, maana katika umri wa miaka sabini na tisa alikuwa amebakiwa na kitu kimoja, na sasa hata hicho kina mwenyewe. Walipokaribia mji wa Huntsville akamsimulia Kudra.

Kudra alitazama barabara. "Baba, program nimesha-print, mia mbili. Na huyo mama hajaomba chochote. Let it go, yaache tu."

"Mpigie. Mwambie aje Jumapili."

"Aje kama nani?"

"Mpigie tu," mzee alirudia.

Jumapili ukumbi ulijaa, harufu ya pilau ikitoka nyuma. Mbele palikuwa na meza moja, kiti kimoja, kipaza sauti kimoja. Mapazia yalipovutwa, maandishi yakatokea ukutani: *Imetungwa na kuongozwa na Majaliwa Sudi*. Watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa amekwisha kupanga mambo yake. Angemshukuru Prudensia mwishoni, pamoja na akina mama waliopika. Akageuka kumtafuta kwa macho, akamwona mstari wa nyuma kabisa, mkoba magotini.

Mzee akasimama, madaftari mkononi. Kupita ilibidi akatize mbele ya mwanga, na kivuli chake kikapita juu ya jina lake. Alitembea polepole kwa sababu ya goti, na filamu haikumsubiri. Mashamba ya mkonge yalianza kupita ukutani kimya kimya, watu wakinong'ona kuulizana kulikoni.

Alimfikia, akampa madaftari.

"Kurasa zipi?" aliuliza Prudensia.

"Za kulia. Zote." Kisha akaugeukia ukumbi, na sauti yake ya zamani ikatoka bila kipaza sauti. "Maneno mtakayosikia aliyaandika huyu mama. Mimi sikuwahi hata kuyasoma."

Hakuna aliyepiga makofi, hawakujua kama inafaa. Kudra, karibu na mlango, aliitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Prudensia akaenda mbele, akavaa miwani, akaanza. Sauti yake ilitetemeka kwa kurasa mbili hivi, halafu ikatulia, na baada ya hapo watu wakasahau kwamba anayesema ni mmoja.

Mzee alikaa kwenye kiti alichokiacha Prudensia. Kutoka pale nyuma filamu ilionekana ndogo, na nzuri kuliko alivyoikumbuka. Ukutani, mume akafika na mzigo wake begani, akabisha hodi. Ukumbi mzima ukabana pumzi, maana wote walijua kinachokuja. Mlango ukafunguliwa. Prudensia aliinua uso kutoka kwenye daftari.

Mstari wa nyuma, Mzee Majaliwa aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.