Wekundu Juu ya Kitambaa

Tangu mumewe, Masele, afariki, Stephania alibaki peke yake katika nyumba yao pale Bariadi. Watoto wao walikuwa wakiishi Dodoma na Mwanza. Binti yake, Violeth, alimletea kiboksi cha rangi za maji na brashi. "Mama, chora chochote," alimwambia, "mradi usikae tu."

Akachora glasi. Zile za kawaida za dukani, zenye mistari ubavuni, alizipanga dirishani jua la alasiri likiingia. Mwanzoni zilimtoka kama ndoo. Baadaye akaelewa kuwa glasi yenyewe haina rangi: unachora ukuta ulio nyuma yake, na panapong'aa unaiacha karatasi nyeupe, huigusi. Siku alipoupata mng'ao huo kwa mara ya kwanza, aligeuka amwonyeshe mtu. Hakukuwa na mtu.

Jumamosi moja, Stephania akiwa katikati ya picha, jirani yake Joyness alibisha hodi, akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu! Leo sherehe ya kipaimara ya mwanangu, na glasi hazitoshi. Naomba utuazime zako."

"Chukua."

"Na hiyo ya dirishani?"

Stephania akasita. "Nayo chukua."

"Basi na wewe uje, mayu."

Alikwenda. Wakamketisha chini ya turubai, karibu na Ngassa, mjomba wa Joyness aliyetoka kijijini Mkula. Mezani mbele yao ilikuwepo glasi yenye juisi ya rozela. Jua lilipenya ndani yake, likaangusha wekundu juu ya kitambaa cheupe cha meza, ukawa unatetemeka kila meza ilipoguswa. Stephania alisahau hata kula karanga alizowekewa.

"Hebu tazama ule wekundu," alisema.

Ngassa akatazama. "Ah, wamemwaga! We binti, njoo ufute hapa!"

Binti aliyekuwa akihudumia akaja, akainua glasi, akapitisha kitambaa cha kufutia. "Mbona pakavu?"

Watu wakacheka. Stephania naye akacheka. Ngassa akarudi kwenye habari za ng'ombe wake.

Kabla chakula hakijapakuliwa Stephania aliaga, akasema kichwa kinamuuma. Nyumbani aliilowesha karatasi, akadondosha nyekundu, akaiacha itambae yenyewe. Katikati alibakiza tone jeupe. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, na alilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Muziki wa kwa Joyness ulisikika hadi sebuleni. Akafunga dirisha ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi, akachukua karatasi nyingine auchore tena ule wekundu wa mezani kabla hajausahau.