Umeme wa Kupumulia

Pampu ya maji iliponguruma uani, taa ya sebuleni ilififia na mashine ya oksijeni ikalia. Aly alitoka mbio, ndala mguu mmoja, akaizima pampu. Aliporudi chumbani alimkuta mkewe, Mwanamina, ameketi kitandani na mrija wa hewa puani, akimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuzoea.

"Tangi halijafika hata nusu," Mwanamina alisema.

"Maji tutanunua ya mkokoteni."

Tangu mkewe atoke hospitali, Aly hakuwa na kituo. Alizima friji ili feni izunguke, akazima feni ili apige pasi kanzu ya Ijumaa. Kila apitapo hupapasa ukuta palipopita waya, kama mama apapasaye paji la mtoto mwenye homa, na ukuta ulikuwa moto. Nyumba hiyo ya Shella, Malindi, ilitiwa umeme na marehemu babake, zama ambazo umeme ulikuwa taa na redio, basi.

Siku iliyofuata akamwita fundi wa umeme, Dzombo. Fundi alifungua kifuniko cha swichi kubwa barazani. Ndani plastiki ilikuwa imebabuka.

"Mzee Aly, sitakuficha. Waya huu ni mwembamba kwa mzigo mlionao. Yafaa tuombe kampuni ya umeme waya mnene kutoka mlingotini, tubadilishe swichi, na mashine ipewe njia yake pekee."

"Na tukingoja? Daktari alisema huenda mke wangu akaiacha mashine."

"Kama ataiacha karibuni, zimeni vingine vyote, mvumilie. Kama itakaa, msingoje. Hilo mwalijua nyinyi, si mimi."

Aly alisema atampigia simu. Moyoni aliona kwamba kuuvuta waya ule ni kukiri kuwa mrija hautatoka tena puani mwa Mwanamina. Akabaki akizunguka uani, akiokota majani yasiyohitaji kuokotwa.

Aliporudi ndani mkewe alimuuliza, "Fundi amesemaje?"

"Tungoje kwanza."

"Baba Raiya," alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Kilifi, "dirisha li wazi. Nimemsikia. Wangoja nini?"

Aly aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nangoja upone."

"Nami nangoja hilo hilo. Lakini kila pampu ikilia, nazuia pumzi. Kila ukipapasa ukuta, nahisi wanipapasa mimi." Akavuta hewa. "Nikipona, waya utatudhuru nini?"

Mwanamina akashusha miguu, akasimama polepole. Aly aliinuka kumshika. Mkewe akamzuia kwa kiganja. Alitembea akiukokota mrija hadi ulipokazika, mlangoni mwa jikoni, akanyoosha mkono na kugusa ukuta wa ndani.

"Mwambie anitilie soketi hapa. Na kiti kiwekwe karibu. Mapishi yako yamenichosha."

Aly alimtazama, kisha akaenda mekoni kuchukua kipande cha mkaa. Akachora alama ukutani.

"Juu zaidi," Mwanamina alisema. "Sitaki kuinama."

Aly akaifuta kwa kidole gumba, akachora nyingine.